Pamba kali kwa hela ndogo: usipolipa hela utalipa muda

Ushauri wa kupendeza kwa hela ndogo unaozunguka siku hizi wote umefanana, nunua vitu vichache ila vya ubora, shati jeupe moja, jinsi nyeusi moja, koti moja la kueleweka na kiatu cha ngozi, basi umemaliza. Sawa. Sasa mtu ana elfu ishirini mkononi na humo humo kuna nauli ya wiki nzima, hicho kiatu cha ngozi anakitoa wapi? Na hata ukijitolea ukampa hivyo vitu vinne bure, rudi baada ya miezi sita uangalie: shati lina rangi ya chai kwenye kola, jinsi imepauka magotini, kiatu kimefumuka pembeni, koti limetundikwa msumarini mpaka bega limetoa pembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yenyewe inaanza baada ya kununua.

Nguo za bei rahisi kwetu sio tatizo, na hazijawa tatizo kwa muda mrefu sana. 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, mwaka uliofuata Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, akaingia Ikulu na milango ikafunguka zaidi, mitumba ikashuka. Ukikaa na waliokuwa watu wazima miaka ile watakusimulia habari za kupanga foleni ili upate kipande cha kitambaa, na huku viwanda tulikuwa navyo jamani, Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa Wachina 1968, Mwanza kuna Mwatex, Musoma kuna Mutex, ila kufika miaka ya themanini vingi vilikuwa vinasuasua. Mtumba ukawakuta watu wana kiu. Leo ukiwa na buku mbili tu ukaingia Karume, Manzese, Tandika, Memorial ya Moshi au Mlango Mmoja pale Mwanza hutoki mikono mitupu. Hata nchi zetu za Afrika Mashariki zilipokubaliana 2016 kwamba ikifika 2019 mitumba iwe imeondoka, Marekani ikatishia kutuondolea unafuu wa AGOA, ule mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi tukarudi nyuma kimya kimya, Rwanda ndo ikakomaa na 2018 nguo zake zikasimamishiwa unafuu huo. Kwahiyo nguo zipo, za kumwaga.

Kinachokosekana ni muda. Na hapa ndo naona ushauri mwingi unateleza, maana unaongelea hela peke yake wakati mtu mwenye hela ndogo anayependeza kuna mahali analipa tu, ila halipi noti. Analipa asubuhi zake, Jumapili zake, vidole vyake kwenye beseni. Anayekwambia kupendeza ni hela anakudanganya nusu, na anayekwambia hela sio kitu anakudanganya ile nusu nyingine.

Nenda Karume alfajiri belo, lile furushi kubwa la mitumba, linapofunguliwa utaelewa nachosema. Wa kwanza kuchagua sio wewe, ni wenye maduka ya Sinza na Kinondoni na wale wanaouza Instagram, wamefika bado giza, wanamjua mwenye belo, wanajua leo anafungua mashati au magauni. Wanabeba grade one kwa bei ya juu, wanaofuata wanachukua kilichobaki kwa bei ya chini kidogo, inateremka hivo hivo mpaka mchana yanabaki yale ya kumwagwa chini, na wewe uliyetoka kazini saa kumi na moja ndo unakuta hayo. Gikomba ya Nairobi wamezipa kabisa majina, wa mwanzo wanachagua kamera, wa mwisho wanaambulia fagia. Lile shati la grade one sasa linaenda kufuliwa, linapigwa pasi, linatundikwa kwenye hanga, linapigwa picha kwenye ukuta mweupe, na wewe unakuja kulinunua mara nne au tano ya bei ya asubuhi. Watu wanalalamika eti wanaibiwa. Mi sioni wizi pale, unamlipa mtu kwa kuamka saa kumi badala yako, na kwa jicho lake, na kwa pasi yake.

Tatizo ni kwamba mwenye mshahara mdogo mara nyingi ndo huyo huyo asiye na muda. Mlinzi wa zamu ya usiku, dada wa dukani anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku, konda wa daladala, hao Karume ya alfajiri hawaioni hata kwa bahati mbaya. Ukimwambia huyo "nenda kachague vizuri mtumbani" unamwambia atoe kitu ambacho hana kuliko hata hela. Kwahiyo swali la maana sio wapi kuna nguo rahisi, ni hili: kama una saa mbili au tatu tu kwa wiki za kujishughulisha na muonekano, ziweke wapi zikulipe zaidi?

Jibu langu ni kwamba usizimalizie kutafuta. Watu wanapenda kutafuta kwasababu kunanoga, kuna ushindi ndani yake, mtu anapata koti la sufu la Italia kwa elfu kumi anatangaza mtaa mzima, koti lenyewe Dar hii yenye joto na unyevu atalivaa wapi sijui. Peleka muda kwa fundi na kwenye beseni.

Fundi cherehani ndo mtu anayedharauliwa kuliko wote kwenye biashara hii ya kupendeza. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine kabisa, Mjerumani mrefu au Mkorea mwembamba, na hata hizi spesho za Kariakoo zinazotoka China zinashonwa kwa vipimo vya jumla, kwahiyo ukivaa hivo hivo ulivyonunua unaonekana umeazima. Kupunguza shati mbavuni, kupandisha pindo, kubana suruali kuanzia gotini, kukata mikono iliyozidi, hizo ni kazi ndogo ambazo fundi wa barazani anakumalizia kwa hela ambayo ungelipa chips kavu na soda, na zinabadilisha shati la buku tatu likakaa vizuri kuliko la elfu hamsini ambalo halijaguswa. Kuna mtu unamuona ametupia unadhani kanunua duka la maana, ukichunguza ni mtumba na fundi wake.

Ila fundi ana mipaka yake na hapa ndo jicho la mnunuzi linapohitajika. Bega. Bega likishuka nje ya bega lako usinunue, hata kama ni bure, kwasababu kurekebisha bega ni kufumua mkono mzima, na ikiwa ni koti kuna sponji na kitambaa cha ndani, fundi wa barazani atakuharibia au atakutoza hela ya koti lingine. Kiuno, urefu na mbavu vinarekebishika. Alafu kuna zile sehemu nguo inafia kwanza, kwapa, shingo ya kola, katikati ya mapaja kwenye suruali, hizo zinyanyue uziangalie kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita kwa wingi kuliko sehemu nyingine achana nayo, inakuja kuchanika ukiwa umechuchumaa mbele za watu. Kola iliyochakaa juu peke yake lakini shati lingine zima isikutishe, mafundi wa zamani wanaijua kazi ya kuifumua na kuigeuza, ule upande wa chini ambao haujaona jua unakuja juu, vijana wengi wa cherehani siku hizi hata hawajawahi kuombwa wafanye hivo. Soma na lebo. Polyester tupu kwa joto la pwani ni adhabu, hainyonyi jasho, saa sita mchana unanuka hata kama umeoga mara mbili, bora pamba au iliyochanganywa na pamba nyingi.

Na raba, maana vijana hela yote inaishia huko. Raba za mtumba zinapendeza kwa macho lakini kuna zile zimekaa stoo huko ulaya miaka, soli yake ya povu imeshaanza kuoza kwa unyevu bila kuonekana nje, unavaa wiki moja inamegeka vipande vipande unaacha makombo barabarani. Ikunje kiatu katikati, bonyeza ile soli kwa ukucha, ikibaki na shimo au ikitoa unga rudisha. Hiyo raba hata fundi viatu akiishona ni kazi bure, uzi hauna pa kushika.

Ukienda kwa fundi usiende Jumamosi wala wiki ya kuelekea Idi au Krismasi, nenda Jumanne mchana akiwa anapiga stori, na usimtegemee kwenye futi peke yake, mbebee nguo yako moja inayokukaa vizuri aweke juu aikate kwa mfano ule. "Njoo kesho" bado utaambiwa, hilo halina dawa.

Turudi kwenye beseni. Nguo nyingi mtaani hazichakai kwa kuvaliwa, zinachakaa kwa kufuliwa. Jinsi nyeusi inageuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini, jua letu la saa saba linakula rangi kuliko miaka mitatu ya kuvaa. Shati jeupe likigeuka njano kwapani watu wanakimbilia kumwaga Jik, na ndo inazidi kuwa njano, maana klorini ikikutana na jasho lililoganda pale hali inakuwa mbaya zaidi, bora ndimu na sabuni ya kipande na kusugua kwa subira alafu hilo jeupe ndo liachie jua. Bibi zetu walikuwa wanatia buluu maji ya mwisho na wanga kwenye kola, shati la mwalimu wa shule ya msingi miaka hiyo lilikuwa linasimama lenyewe, na mshahara wake sote tunaujua. Hakuwa na mashati mengi yule mwalimu. Alikuwa na Jumapili jioni na pasi ya mkaa.

Hapo mtu ataniambia hiyo pasi aliishika nani. Kweli kabisa, mara nyingi aliishika mke wake au binti wa kazi, na hili linatuleta kwenye jambo ambalo wanaume tukiandika habari za kupendeza huwa tunalipita haraka. Muda wenyewe haulipwi sawa. Mwanaume kwa kinyozi ni nusu saa, kila baada ya wiki mbili, mtaani kwetu elfu mbili tatu, na akinunua mashine yake akanyolewa na mdogo wake hata hiyo haitoki, tena anaepukana na mapunye yanayohama kichwa hadi kichwa kwenye saluni zisizopaka spiriti. Mwanamke anayesuka rasta anakaa chini asubuhi ananyanyuka jioni, shingo inauma, analipa rasta zenyewe na analipa msusi, na wiki ya tatu mbele imeshafumka. Ofisini anayehukumiwa kwamba leo hajapendeza ni yeye. Ndo maana mi wanaobeza mawigi siwaelewi, wigi ni mtu amenunua siku yake ya Jumamosi, na kwa mtu wa zamu hiyo ni hesabu nzuri kabisa kuliko mengi ninayoyaona. Anayenyoa akabaki na kipara safi kilichopakwa mafuta ya nazi naye amefanya hesabu nzuri zaidi, ila sio kila bosi anaielewa na sio kila mama mkwe pia.

Pale ambapo urahisi unageuka hasara kubwa ni mkorogo. Kijichupa kinauzwa bei ya soda, kinaahidi weupe kwa siku saba, na ndani kuna haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini na TBS, Shirika la Viwango, ambao ndo wasimamizi wa vipodozi tangu 2019 huwa wanakamata mizigo, lakini mtaani bado vipo. Ngozi inakuwa nyepesi, jua linaiunguza, vidole vinabaki vyeusi na uso mweupe, na kurudisha hali ya zamani kunahitaji daktari wa ngozi. Hela ya daktari wa ngozi ingekuvalisha mwaka mzima. Sabuni ya kawaida, mafuta ya mgando ya bei ya kawaida, kucha zilizokatwa, mdomo uliopigwa mswaki na nywele zilizo na mpangilio, hivi vitu havina umaarufu kwenye picha lakini mtu akikusogelea ndo anavyoona. Na harufu: perfume za kupima za mafuta pale Kariakoo zinakaa mwilini muda mrefu kwasababu hazina spiriti ya kuruka haraka, unapima chupa ndogo kwa hela ndogo, tone moja nyuma ya sikio linatosha, ukijimwagia unawaumiza wenzako kwenye mwendokasi.

Wenzetu wa Kongo wamelifanya jambo hili kuwa dini kabisa. Masapeur wa Brazzaville na Kinshasa, watanashati wanaoishi kwa ajili ya kuvaa, wale ambao Papa Wemba aliwatangaza dunia nzima kabla hajafariki 2016, kuna mtu anakaa chumba kimoja cha bati na viatu vyake vinagharimu kuliko hicho chumba. Kama mfano wa kubana bajeti hao hawafai hata kidogo, ila wana sheria moja ambayo haina gharama na hapa kwetu inavunjwa kila kukicha, usivae rangi zaidi ya tatu kwa pamoja. Ukiwa na nguo chache na zote zikawa za rangi zinazoelewana, bluu, kahawia, nyeupe, unachomoa yoyote gizani umeme umekatika na unatoka umependeza, wakati mwenye kabati limejaa za kila rangi anasimama dakika ishirini hajui ashike ipi. Muda huo nao uhesabiwe.

Sasa kuna sehemu ya gharama ambayo haiko mikononi mwako kabisa, ni ile ya mtu mwingine kuamua nini kinahesabika kuwa nadhifu. Hii haijaanza leo. 1968 vijana wa TANU walitangaza vita na vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia Januari 1969 ukivaa hivo unatafutwa mjini. Kenya Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akapiga marufuku Kaunda suti bungeni, na rais wao alikuwa anazivaa karibu kila siku. Kaunda suti jamani! Nguo iliyobuniwa kana kwamba kuna mtu alimuhurumia mtumishi wa serikali wa nchi ya joto: mikono mifupi, haitaki tai, haitaki shati la ndani, fundi wa mtaani anaishona kwa kitambaa kimoja, unafua jioni asubuhi imekauka. Ukimwambia mtu lazima suti na tai umemuongezea shati, tai, soksi, kiatu cha kamba na drai klini, kwa mshahara ule ule. Kila bosi anayeandika kanuni za mavazi ya ofisi anatoza kodi bila kujua, na kama anataka wafanyakazi wake wa chini wapendeze kweli angeanza kwa kukubali Kaunda suti, kitenge kilichoshonwa vizuri, na nywele fupi kwa dada anayetaka fupi.

Na kodi nzito kuliko ya bosi ni ya ndugu. Sare za shughuli. Kitchen party ina rangi yake, send-off ina yake, harusi yenyewe ina yake, arobaini nayo imeshaanza kuwa na kitenge chake, na kila sare ni kitambaa kilichochaguliwa na kamati kwa bei waliyokubaliana na muuzaji, juu yake fundi, juu yake viatu vya kuendana, na mchango wa shughuli bado uko pale pale. Unavaa mara moja, huwezi kuirudia kwenye shughuli nyingine maana kila mtu anajua ile ilikuwa ya harusi ya nani. Nawajua akina dada kadhaa ambao wangeweza kuvaa vizuri mwaka mzima kwa hela iliyolala kwenye sanduku lenye magauni ya namna hiyo, na wenyewe wanajua, ila ukikataa unaonekana umemsusia mwenye shughuli.

Kamati ingeweza kusema rangi tu. Kijani, ije na kijani yoyote uliyonayo, ya mtumba, ya kitenge cha mwaka juzi, ya kanga ya mama, mtu anaipeleka kwa fundi wake anaibana inavyompendeza, na ukumbini watu wangependeza zaidi maana kila mmoja kavaa kinachomkaa. Nimeshasikia hoja kwamba picha hazitatoka vizuri. Basi bi harusi anayetaka wote wafanane mpaka uzi, anunue yeye vitambaa na fundi amlipe yeye.